Bastola ya Akiba: Rivolva Ndogo katika Historia ya Texas, na Sisi Tunaoishi Hapa

Katika mazungumzo yetu ya mwisho wa wiki, iwe Arlington, Irving, Fort Worth au kusini-magharibi mwa Houston, kuna jambo ambalo zamani lilitajwa kwa kunong'ona na siku hizi linatajwa waziwazi: nani amenunua bastola, na ni ya aina gani. Wapo wenzetu wenye maduka na vituo vya mafuta, wapo madereva wa teksi na malori, wapo wauguzi wanaotoka zamu usiku wa manane, na wapo wabeba boksi wanaosubiri usafiri gizani. Baadhi yao tayari wana bastola ya kwanza, na sasa wanauliza habari za ya pili: ile ndogo ya akiba, ya kukaa mfukoni au kifundoni, endapo ya kwanza itagoma au itamponyoka mwenyewe. Mara nyingi muuzaji huwawekea mezani kitu kile kile: rivolva fupi ya risasi tano, ambayo umbo lake halijabadilika sana tangu mwaka 1950.

Hapa tunataka kuliangalia jambo hili kwa jicho la historia. Kwa nini chombo cha zamani namna hii ndicho kinachopendekezwa kuwa akiba, katika jimbo ambalo maduka yake yamejaa bastola mpya? Na historia hiyo ina neno gani kwetu sisi tuliotoka Afrika Mashariki? Kwa maoni yetu ina maneno mawili. La kwanza muuzaji atakueleza. La pili hatakueleza.

Kwetu bastola ilikuwa ya nani?

Wengi wetu hatukukua karibu na bastola. Tulilijua gobore la mwindaji, bunduki ya mgambo na ya askari wa benki, basi. Hali hiyo ina historia yake. Katika karne ya 19 bunduki ziliingia kwa wingi kupitia Zanzibar na Bagamoyo, zikafuata misafara ya pembe na watumwa hadi Ujiji na Manyema. Jina la Tippu Tip lenyewe, wengi husema, linatokana na mlio wa bunduki zake. Kisha Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukazuia silaha za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika, na wakoloni wakaendelea na zuio hilo kila mmoja kwa njia yake. Nchini Kenya, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, walowezi walikula chakula cha jioni bastola zikiwa viunoni, ilhali Mwafrika aliyekutwa na bunduki au risasi bila kibali aliweza kunyongwa. Serikali zetu huru nazo zikarithi sheria kali.

Kwa hiyo tulifika Marekani tukiwa na fikra kwamba bastola ni ya mwenye mamlaka. Texas ikatuonyesha kinyume: bastola ya mtu wa kawaida, kwenye mkoba wa mwalimu, mfukoni mwa fundi bomba. Ndipo tunapohitaji kujua ilifikaje humo.

Bastola ya pili ilizaliwa kwa sababu ya uchelewaji

Samuel Colt alipata hataza yake ya Marekani tarehe 25 Februari 1836, wiki hiyo hiyo ambayo ngome ya Alamo ilikuwa imezingirwa na jeshi la Mexico huko San Antonio. Uvumbuzi wake ni rivolva, yaani bastola ambayo risasi zake hukaa katika silinda inayozunguka, kila tundu likijipanga nyuma ya mtutu kwa zamu. Biashara ilikuwa mbaya mwanzoni, lakini mwaka 1839 Jamhuri ya Texas ilinunua 180 kwa ajili ya jeshi lake la majini. Baadaye silaha hizo ziliwafikia walinzi wa mipaka walioitwa Rangers. Mwezi Juni 1844, katika pambano la Walker Creek, kapteni wao Jack Hays na watu wapatao 15 walipigana na Wacomanche waliowazidi mara kadhaa, na rivolva ndizo zilizoamua. Kwa Watexas ni hadithi ya ushujaa. Kwa Wacomanche ilikuwa hatua mojawapo ya kunyang'anywa nchi.

Kinachotuhusu zaidi ni hiki: wengi wa watu wale walibeba rivolva mbili kila mmoja. Kujaza baruti, risasi na fataki tundu baada ya tundu, ukiwa juu ya farasi, kulichukua muda ambao adui hakuutoa. Kuchomoa bastola ya pili kulikuwa kwepesi kuliko kuijaza ya kwanza. Kwa hiyo tangu mwanzo bastola ya akiba ilikuwa dawa ya uchelewaji. Mmoja wao, Samuel Walker, alishirikiana na Colt kubuni rivolva kubwa ya mwaka 1847, yenye uzito wa zaidi ya kilo 2. Hiyo ilikaa kwenye tandiko la farasi. Hakuna mfuko ambao ungeihimili.

Jinsi ilivyoingia mfukoni

Safari kutoka kwenye tandiko hadi mfukoni ilichukua miaka mia moja. Bastola ya mfukoni ya Colt ya mwaka 1849 ilitengenezwa zaidi ya laki tatu, maana watu wa mijini walikuwa wengi kuliko wapanda farasi. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ikaanza kuuza rivolva iliyotumia risasi zenye maganda ya metali, na kazi ya kujaza ikapungua. Mwaka 1887 kampuni hiyo hiyo ikaficha nyundo ndani ya mwili wa bastola, ili isinase kwenye nguo wakati wa kuchomolewa.

Texas nayo ilichangia kwa njia ambayo wengi hawaijui. Sinema hutuonyesha kila mchunga ng'ombe na bastola yake kiunoni. Ukweli ni kwamba mwaka 1871, katika machafuko yaliyofuata Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, wakati watu weusi walioachwa huru walikuwa wakishambuliwa, Texas ilipitisha sheria ya kukataza raia kutembea na bastola, isipokuwa kwa sababu chache kama vile safari au hatari iliyo dhahiri. Katazo hilo, pamoja na marekebisho yake, lilidumu zaidi ya miaka 120. Halikuziondoa bastola, tunavyoona sisi, lilizisukuma ndani ya nguo. Mwenye kuogopa hakuacha kubeba, ila alitafuta iliyo ndogo zaidi.

Mwaka 1927 Colt ilitoa Detective Special, ya mtutu wa inchi mbili na risasi sita. Mwaka 1950 Smith & Wesson ikaleta Chiefs Special ya risasi tano, jina lililochaguliwa kwenye mkutano wa wakuu wa polisi huko Colorado. Mwaka huo huo Colt ikatoa Cobra, yenye mwili wa alumini badala ya chuma. Mwaka 1952 ikafuata Centennial, ambayo nyundo yake imefichwa kabisa. Na mwaka 1965 ikatoka Model 60, rivolva ya kwanza ya chuma cha pua. Anayeishi Houston ataielewa mara moja thamani ya hiyo ya mwisho: kwa joto na unyevu wa huku, chuma cha kawaida kinachokaa karibu na jasho hupata kutu kabla mwezi haujaisha.

Neno la kwanza: hesabu ya akiba

Miaka ya 1980 na 1990 polisi wa Marekani waliacha rivolva wakachukua bastola za magazini, zile ambazo risasi nyingi hupangwa ndani ya mpini. Rivolva ndogo haikufa. Ilishushwa cheo, kutoka silaha kuu hadi silaha ya akiba. Tukio linalotajwa sana ni la Miami, tarehe 11 Aprili 1986, ambapo maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Ofisa mmoja alipoteza bastola yake kuu magari yalipogongana, akaendelea kupigana na rivolva yake ndogo. Mwenzake alikuwa na bastola ya magazini iliyopigwa risasi ikaacha kufanya kazi. Maofisa wawili waliuawa siku hiyo. Yule mwenye rivolva ndogo alipigwa risasi mkononi akiwa katika kuijaza tena. Tukio hilo moja linaonyesha faida ya akiba na mpaka wake.

Sisi wenye kazi ya uhandisi tuna kanuni moja: akiba isishindwe kwa sababu ile ile iliyoiangusha mashine ya kwanza. Hospitali haiweki majenereta mawili yanayonyonya mafuta kwenye tangi moja chafu. Bastola ya magazini hutumia nguvu ya mlipuko kurudisha kifuniko chake cha juu nyuma, kutema ganda na kupakia risasi nyingine. Ikibanwa na nguo, au ikikandamizwa kwenye mwili wa anayekushambulia, mzunguko huo unaweza kukatika. Rivolva huzungushwa na kidole chenyewe. Risasi moja isipolipuka, ukivuta tena tundu jingine linakuja. Ile yenye nyundo iliyofichwa inaweza kufyatuliwa ikiwa ingali ndani ya mfuko wa koti. Hiyo ndiyo sababu ya kweli inayoifanya bado iuzwe, wala si mapenzi ya mambo ya kale.

Lakini kila kitu kina bei yake. Risasi ni tano tu. Triga ni nzito, na mvuto wa kilo tano si jambo geni. Shabaha ni ngumu kwa sababu mtutu ni mfupi na alama za kulengea ni ndogo. Na kuna hesabu ya teke: kwa risasi ile ile, nguvu inayorudi mkononi huongezeka kadiri bastola inavyopungua uzito. Ukitoka gramu 600 ukaenda gramu 400, teke linaongezeka kwa nusu. Mnunuzi hufurahia wepesi dukani, kisha huogopa kufanya mazoezi. Akiba isiyofanyiwa mazoezi ni uzito tu mfukoni.

Neno la pili: Dallas, 1963

Sasa turudi nyuma kidogo, katikati ya Dallas, maana jiji hili lina ushahidi wake. Mwezi Novemba 1963 rivolva mbili fupi ziliingia katika historia ya dunia ndani ya siku mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Lee Harvey Oswald, Smith & Wesson iliyoagizwa kwa posta na mtutu wake kukatwa. Tume ya Warren ilihitimisha kwamba ndiyo iliyomuua askari J. D. Tippit katika mtaa wa Oak Cliff tarehe 22, muda mfupi baada ya Rais Kennedy kuuawa.

Ya pili ilikuwa Colt Cobra ya Jack Ruby, iliyonunuliwa katika duka la vifaa la hapa Dallas mwaka 1960. Ruby alikuwa na klabu ya usiku. Alizoea kutembea na fedha taslimu za mauzo, na kwa sababu hiyo alizoea kutembea na bastola, ingawa sheria ilikataza. Asubuhi ya Jumapili tarehe 24 alikwenda ofisi ya Western Union kumtumia mfanyakazi wake aliyekuwa Fort Worth dola 25, kwa kuwa alikuwa na shida ya kodi na chakula. Alimwacha mbwa wake garini. Stakabadhi iligongwa muhuri saa 5 na dakika 17 asubuhi. Makao ya polisi yalikuwa karibu, umbali wa kutembea kwa dakika moja hivi. Saa 5 na dakika 21 alimsogelea Oswald katika orofa ya chini ya jengo hilo, huku kamera za televisheni zikirusha moja kwa moja, akampiga risasi moja ya tumbo. Mfukoni mwake alikuwa na zaidi ya dola 2,000.

Watu wamebishana kuhusu nia yake kwa zaidi ya miaka sitini, nasi hatutaumaliza ubishi huo hapa. Tunataka kuitazama bastola tu. Haikununuliwa kwa ajili ya Oswald. Ilinunuliwa kulinda fedha, sababu ile ile anayokupa mwenzetu mwenye duka. Ilikuwa mfukoni siku hiyo kwa kuwa ilikuwa mfukoni siku zote. Alihukumiwa kifo mwaka 1964, hukumu ikatenguliwa mwaka 1966, naye akafa kwa maradhi tarehe 3 Januari 1967 kabla ya kesi kusikilizwa upya.

Hili ndilo neno ambalo muuzaji hakuambii. Bastola ndogo hupendwa kwa sababu ni rahisi kuwa nayo daima. Basi itakuwepo siku ya jambazi, kama ipo siku hiyo, na itakuwepo pia siku ya ugomvi wa maegesho, siku ya msiba, siku ya kutalikiana, siku ya kunywa. Siku za aina hii ya pili ni nyingi zaidi katika maisha ya mtu yeyote.

Haki ya kubeba, na ngozi ya mbebaji

Upande wa pili nao una ushahidi wake, na haki inatutaka tuutaje. Tarehe 16 Oktoba 1991, katika mgahawa wa Luby's mjini Killeen, katikati ya Texas, mtu mmoja aliwaua watu 23. Suzanna Gratia alikuwemo akila na wazazi wake. Rivolva yake alikuwa ameiacha garini kwa kutii sheria iliyotokana na ile ya 1871. Baba na mama yake waliuawa wote wawili. Ushuhuda wake uliwagusa wengi. Gavana Ann Richards alikataa muswada wa kuruhusu bastola mwaka 1993, George W. Bush, aliyemshinda katika uchaguzi wa 1994, akatia saini sheria ya leseni mwaka 1995, nayo ikaanza kutumika mwaka 1996. Chini ya sheria hiyo, aliyefanya mtihani kwa rivolva aliruhusiwa kubeba rivolva tu, na aliyefanya kwa bastola ya magazini aliruhusiwa zote mbili. Tofauti hiyo ilifutwa mwaka 2013. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, ambaye sheria haimzuii, anaweza kubeba bila leseni.

Lakini sheria kukuruhusu ni jambo moja, na jicho la askari ni jambo jingine. Mwaka 2016, usiku ambao askari watano waliuawa katikati ya Dallas, mtu mmoja mweusi aliyekuwa amebeba bunduki yake kihalali alijikuta picha yake ikisambazwa na polisi kama mshukiwa, naye hakuwa na hatia. Tarehe 12 Oktoba 2019 huko Fort Worth, Atatiana Jefferson alikuwa nyumbani na mpwa wake wa miaka minane. Alisikia vishindo nje ya dirisha, akachukua bastola yake kutoka mkobani. Aliyekuwa nje ni askari, akampiga risasi akafa ndani ya nyumba yake. Askari huyo alitiwa hatiani mwaka 2022 kwa kuua bila kukusudia. Sisi tusidhani kwamba lafudhi yetu ya Tanga, Mombasa au Bukavu itatutofautisha gizani.

Kwa anayetaka kuchagua

Hatumkatazi mtu. Tunasema achague akiwa na macho mawili. Kwanza, aangalie hadhi yake ya uhamiaji kabla ya kuangalia bastola. Tangu 1998 sheria ya shirikisho inawazuia wengi wenye viza za muda, zikiwemo za wanafunzi na za kazi, kumiliki bunduki au risasi, isipokuwa katika hali chache mahususi. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa, lakini kosa la silaha linaweza kumrudisha nyumbani kwa lazima. Hili si la kuulizana kwenye harusi, mwulize mwanasheria.

Pili, kama unaruhusiwa, kodi kwanza kwenye kiwanja cha shabaha, upige risasi hamsini kabla ya kununua. Mkono wako ndio utakaokuambia kama unahitaji ya chuma au unaweza kuihimili ya alumini. Kwa ya mfukoni chukua yenye nyundo iliyofichwa, tumia risasi za kawaida za .38, na acha zile kali za magnum katika bastola nyepesi. Iwe ndani ya ala inayofunika triga, na mfuko huo usiwe na kitu kingine, hata ufunguo.

Tatu, ukifika nyumbani ifungie. Sheria ya Texas inamwajibisha mtu mzima anayeiacha mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, na rivolva haina kazi ngumu ya kumshinda mtoto. Siku ya kinywaji isitoke nyumbani. Askari akikusimamisha, mikono iwe juu ya usukani, na umweleze kwa utulivu kabla hujagusa chochote.

Nne, kabla ya kununua ya pili jiulize ya kwanza inakulinda na nini. Wahenga walisema akiba haiozi, na wao hao wakasema mshika mbili moja humponyoka. Duka lenye taa nzuri, fedha zinazopelekwa benki mchana, na wawili kufunga duka badala ya mmoja, hizo pia ni akiba, wala hazina triga. Aliyekwisha kuzitumia hizo zote, akaona bado anahitaji rivolva mfukoni, basi na aibebe kwa mazoezi na kwa moyo uliotulia, akikumbuka kwamba siku nyingi itakazokaa humo hazitakuwa siku za jambazi.